Swali la Saba

Brigedi ya Mierebi Mitatu, Heilongjiang
18 Machi 1973

Baba,

Miguu yangu haijambo, ule uvimbe wa baridi umepungua. Nakuambia kwanza kwa sababu najua ndilo utakalouliza, halafu hutasikiliza mengine. Theluji bado imefika magotini na Mama Luan, mwenye nyumba yangu, anasema mwaka huu tutapanda soya kwa kuchelewa. Kila akipika kabeji yake ya kuchachushwa ananitazama nimeze ndiyo aridhike. Miaka minne sasa na bado ananiita "yule mtoto wa kusini anayekula kama kuku".

Sasa sikiliza. Katibu Ge amerudi kutoka mkutano wa wilaya na habari. Brigedi yetu imepewa nafasi moja ya chuo cha ualimu huko Harbin. Moja tu, na sisi vijana wa mjini tulioletwa huku kulima tuko kumi na tisa. Kama kawaida ni brigedi inayopendekeza, lakini mwaka huu kutakuwa na mtihani pia. Mtihani wa kweli, Baba, wa kukaa na kuandika. Hesabu imo.

Mimi nimefundisha watoto wa hapa kuhesabu magunia kwa miaka miwili na nimesahau hata kona ya pembetatu inafananaje. Nitumie maswali. Anza na ya watoto halafu panda. Usinihurumie.

Wewe je, bado unapiga kengele ya shule? Bado wanakuzuia kuingia darasani?

Binti yako,
Yunzhi

*

Jiaxing
9 Aprili 1973

Yunzhi mwanangu,

Bado napiga kengele. Naipiga vizuri kuliko nilivyofundisha. Wanafunzi wakiisikia wanaondoka mbio, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kwa furaha kiasi hicho nilipokuwa nawafundisha. Asubuhi nafagia vyoo, mchana napiga kengele, jioni nakaa kibandani na Miao, bawabu wetu, tunacheza sataranji naye anaiba vipande. Unamkumbuka? Yule niliyemfundisha kusoma mwaka hamsini na mbili, katika madarasa ya watu wazima, akiwa na miaka arobaini na vidole kama mihogo. Sasa anasoma gazeti lote mpaka matangazo na ananisahihisha matamshi.

Kwa hiyo usiniulize kama naruhusiwa kufundisha. Siruhusiwi. Barua hii ni ya baba kumjulia hali binti yake.

Nimekuwekea maswali kumi na mawili nyuma ya karatasi. Fanya yote, onyesha njia. Jibu sahihi lisilo na njia nitalipa sifuri kama zamani. Nitasahihisha kwa wino wa buluu, usihofu. Marehemu mama yako hakukubali hata siku moja niandike jina lako kwa wino mwekundu. Nikirudi nyumbani na rundo la madaftari alikuwa analichomoa lako na kulificha. "Anayeandikiwa jina kwa nyekundu ni mtu wa kunyongwa," alikuwa akisema, "na anayetumiwa barua nyekundu ameshakatwa na ukoo." Mimi mtu wa hesabu nilimcheka, lakini nilinunua chupa ya buluu kwa ajili ya daftari moja.

La saba ni hili, nalinakili hapa kwa sababu kule nyuma nafasi imeisha. Mzee mmoja anaondoka Jiaxing kwa miguu kuelekea kaskazini, kilomita arobaini kwa siku. Siku hiyohiyo msichana mmoja mkaidi anaondoka kaskazini kuja Jiaxing kwa njia hiyohiyo, kilomita sitini kwa siku. Kati yao pana kilomita elfu mbili na mia nne. Watakutana baada ya siku ngapi?

Kula kabeji ya Mama Luan.

Baba yako,
Qiu Delin

*

Mierebi Mitatu
2 Juni 1973

Baba,

Nakurudishia kumi na moja. La tisa lilinichukua siku tatu, nilikuwa nikipalilia huku nachora kwa jembe kwenye udongo mpaka kiongozi wa kikundi akauliza kama nimepandwa na mashetani.

La saba sikulifanya. Mtoto wa darasa la nne analiweza na wewe unajua. Umeliweka ili nilie, nami nimelia, kwa hiyo tumemalizana. Isitoshe umedanganya. Kilomita arobaini kwa siku na goti lile? Nitakujibu siku nitakaposhuka kwenye treni hapo Jiaxing, ana kwa ana, ukiwa umeniandalia wali wa kufunga kwa majani wenye kipande kikubwa cha nguruwe katikati.

Mtihani ni mwezi ujao. Niombee, kama bado kuna wa kumwomba.

Yunzhi

*

Mierebi Mitatu
30 Agosti 1973

Baba,

Nilikuwa wa kwanza katika wilaya nzima. Hesabu, tisini na saba.

Haikuhesabiwa. Umesoma magazeti bila shaka, jinsi anavyosifiwa aliyerudisha karatasi tupu na kusema kwamba waliokaa kusoma ni watoro wa shamba. Sasa alama ya juu imekuwa jambo la kuonea haya. Katibu Ge aliniita, akanikaribisha tumbaku kwa kusahau kwamba mimi ni msichana, akasema, "Yunzhi, ungefanya vibaya kidogo tu." Ni mtu mwema, hakusema kwa ubaya. Nafasi imekwenda kwa mpwa wa mtu wa wilaya ambaye hajui kugawanya.

Sitaki unitumie maswali tena kwa sasa. Usinikasirikie. Tutajaribu mwakani.

Yunzhi

*

Jiaxing
19 Septemba 1973

Mwanangu,

Tisini na saba. Tatu ulizikosa wapi?

Nimemwambia Miao, naye amewaambia wauza mboga wote mpaka daraja la pili, hivyo aibu yako imeenea. Sikukasirikii. Mwaka hamsini na saba nilisimama mkutanoni nikasema kwamba mwanafunzi aliyekosea jibu amekosea, hata kama baba yake ni mfanyakazi. Kwa sentensi hiyo moja nikapachikwa jina la mtu wa mrengo wa kulia, na jina hilo limekwenda nawe kila mahali kama mkia. Nimekuwa nikijiuliza miaka kumi na sita kama ingeniua kunyamaza siku ile. Isingeniua.

Jaribu tena mwakani. Wakikuambia kuna jambo la kufanya ili upite, lifanye. Unanisikia? Lolote.

Baba yako

*

Mierebi Mitatu
12 Februari 1974

Baba,

Heri ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Hapa hakuna jipya. Tulichinja nguruwe wa brigedi, tukapika vitumbua vya nyama vya maji, Mama Luan akaficha sarafu ndani ya kimoja na mimi nikaipata, karibu ivunje jino. Wanasema ni bahati.

Watoto wangu darasani wamefika thelathini na mmoja. Tunasoma nusu siku, nusu siku tunakusanya samadi, na hiyo nayo inaitwa somo. Kuna mmoja mwenye kichwa kikali cha hesabu, ungempenda.

Katibu Ge amekuwa akinijia mara kwa mara kwa mazungumzo kuhusu nafasi ya mwaka huu. Mambo ya kawaida tu, fomu na kadhalika. Si ya kukuchosha.

Vaa koti lako la pamba. Goti linasemaje?

Yunzhi

*

Kwa Kamati ya Mapinduzi ya Shule, Jiaxing
Nakala: Brigedi ya Mierebi Mitatu, Ofisi ya Elimu ya Wilaya
3 Mei 1974

Ndugu Wanakamati,

Mimi, kijana niliyeelimishwa na wakulima, natangaza hapa kwamba nimechora mstari wa wazi kati yangu na Qiu Delin, mfanyakazi wa shule yenu, mtu wa mrengo wa kulia.

Tangu utotoni alinitia sumu. Alinifundisha kwamba hesabu haina tabaka. Aliniketisha mezani kusoma wakati watoto wenzangu wakiokota vyuma vya kupeleka kwenye tanuru. Mwaka 1958 aliishambulia siasa ya elimu ya Chama hadharani na hadi leo hajatubu moyoni. Alipochukuliwa mwaka 1966 na kupitishwa mitaani, mimi sikulia.

Kwa muda mrefu nilimwonea huruma, na huo ulikuwa udhaifu wangu. Naandika haya kwa uchungu lakini kwa uamuzi thabiti.

Kuanzia leo mimi si binti wa Qiu Delin.

Qiu Yunzhi

*

Mierebi Mitatu
28 Juni 1974

Mzee Miao,

Shikamoo. Naandika kwako kwa sababu hakuna mwingine huko ninayeweza kumwandikia. Najua unajua nilichofanya. Kama hutaki kusoma barua yangu, ichome, nitaelewa.

Miezi mitatu walikuwa wakiniambia. Katibu Ge alisema bila barua ile fomu yangu haitavuka hata mto. Alisema wazazi wengi huelewa. Nilifikiri nimwandikie Baba kwanza nimweleze, kisha nikaona kwamba akijua kabla, atakuwa ameshiriki, na wakimhoji hataweza kuficha. Ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli ni kwamba niliogopa atanijibu, "Fanya."

Wiki iliyopita imekuja bahasha nene kutoka kwake. Jina langu limeandikwa kwa wino mwekundu. Herufi zote tatu za Kichina, na anwani, na ukiinua bahasha kwenye mwanga unaona na ndani mistari ni myekundu, kurasa nyingi. Mama Luan alipoiona mikononi mwangu alifunika mdomo, akawatoa watoto nje.

Sijaifungua. Baba aliyekuwa akinunua chupa ya buluu kwa ajili yangu tu hawezi kukosea rangi. Ana haki. Nilianza mimi. Lakini nikiisoma nitakuwa nimeyasikia kwa sauti yake, na sidhani nitaweza kuamka kesho yake. Nimeishonea ndani ya mto wangu.

Nakuomba mambo mawili. Usimwambie kwamba nimekuandikia. Na usiniandikie lolote kuhusu yeye, jema wala baya, kwa sababu barua hufunguliwa njiani na kwa sababu siwezi. Niambie tu kama yu hai.

Yunzhi

*

jiaxing tarehe 25 mwezi wa saba

binti wa mwalimu

marahaba. mkono wangu mbaya nisamehe. yu hai. umeniomba nisiseme lolote kuhusu yeye sisemi. mimi nikiapa nimeapa

samaki wa mfereji mwaka huu wadogo. nyanya zimetoka vizuri

miao

*

Harbin, Chuo cha Ualimu
16 Oktoba 1975

Mzee Miao,

Shikamoo tena. Mwaka mzima umepita nikiwa hapa na bado nikiona lango la chuo nashangaa wananiruhusu kupita. Walinichukua. Katibu Ge alinisindikiza mpaka kituoni, kitambaa chekundu kifuani mwangu, kikundi cha ngoma kikipiga, na mimi nikicheka kwa meno tu.

Ungetucheka. Darasani tuko wa kila aina. Kuna mwenzangu aliyekuwa dereva wa trekta, hodari wa mikono na moyo wa dhahabu, na tunaanza naye kwenye sehemu za namba, nusu na robo. Miezi mingine tunakwenda kiwandani, mingine shambani, ili elimu isijitenge na kazi. Mitihani hakuna. Wakati mwingine nikitatua jambo gumu nageuka, kama vile kuna mtu nyuma yangu atakayesema, "Njia iko wapi?"

Nakutumia uyoga mkavu wa msituni, kilo mbili. Moja ni yako. Nyingine unajua ni ya nani. Mpe, useme umeletewa na ndugu yako wa kaskazini. Usitaje jina langu.

Yunzhi

*

jiaxing
tarehe 11 aprili 1976

binti wa mwalimu

uliniambia nikuambie tu kama yu hai. sasa si hai. juzi asubuhi. kifua kile kilichomshika tangu baridi

alipiga kengele ya kwanza, ya pili akanipa mimi kamba akasema miao leo piga wewe. akaketi kwenye kiti changu. nikapiga. nilipogeuka ameshakwenda

tumemzika kando ya mama yako. walikuja watu wanne. usije kama kuja kutakuharibia. yeye asingependa uharibikiwe

nyumba yake wamempa mtu mwingine. vitu vyake ni sanduku moja liko kwangu

miao

*

Harbin
2 Mei 1976

Mzee Miao,

Nimepokea. Sitakuja. Aliyekatwa haendi kumwaga maji kwenye kaburi la aliyemkata, na mimi ndiye niliyeshika kisu kwanza. Ahsante kwa kumpa kiti chako.

Yunzhi

*

jiaxing
20 februari 1979

binti wa mwalimu

heri ya mwaka mpya. niko hai nina miaka sitini na saba na meno tisa. pole kwa kimya, nilidhani hutaki kusikia habari za huku

lakini sasa lazima niseme na kama nimeapa nakivunja kiapo. wamemsafisha baba yako. wiki iliyopita mkuu mpya wa shule alisimama uwanjani akasoma karatasi kwamba mwalimu qiu delin hakuwa na kosa, jina lake limerudishwa. dakika mbili ilichukua. kumwekea lile jina ilichukua siku tatu nakumbuka, watu walizimia kwa jua

na tangu mtihani wa kuingia vyuo urudi hapa kumekuwa kama soko. wanakuja vijana kutoka mashambani, wengine wana ndevu, wengine wananyonyesha, wanatafuta chochote cha kusoma. nikawapa maswali ya baba yako yaliyo kwenye sanduku. wanayanakili hapahapa kibandani kwangu wamekaa chini. mwaka jana saba wamepita. wanamwita mwalimu wetu na hawakumwona hata siku moja

jambo lenyewe ni hili. kwenye sanduku imo kila karatasi uliyomtumia, majibu yako yote kumi na moja. la saba halina jibu. vijana wananiuliza mzee hili mbona wazi. nikakumbuka. tangu ile barua yako isomwe mkutanoni mwaka sabini na nne, mwalimu kila postamani akija ananiuliza, miao, namba imekuja. nasema namba gani mwalimu. anasema namba tu, kutoka kaskazini, haina barua. nasema haijaja. anasema vizuri, ana kazi nyingi. kesho tena. karibu miaka miwili binti, kila siku isipokuwa jumapili. ulipotuma uyoga nikamwambia umetoka kwa ndugu yangu. alicheka akasema wewe miao ndugu wa kaskazini umempata lini. akamwaga mfuko wote mezani akapekua uyoga mmoja mmoja anatafuta karatasi. halafu akaurudisha. akaupika akala wote peke yake hakunipa

mimi sikujua namba gani. nilidhani akili imeanza kumwacha, na wewe uliniapisha, nikanyamaza. nimekuwa mjinga

na lingine. walikuja watu wawili kutoka wilaya yenu kuuliza kama uliyoandika ni kweli. mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. alisema yote ni kweli, neno kwa neno. wakamuuliza mbona binti ameandika hamsini na nane na faili linasema hamsini na saba. akasema mimi ndiye nilimdanganya mtoto mwaka. wakaongeza na hilo kwenye makosa yake. wakamwondoa kwenye kengele wakamrudisha vyooni peke yake mwaka mzima na wakamkataza karatasi na wino wa rangi yoyote, hata ule mwekundu

ile barua nyekundu niliituma mimi. nilimwambia mwalimu rangi hiyo itamtisha mtoto. akasema binti yangu ni mtu wa hesabu, hataogopa rangi

uliisoma au hukuisoma

miao

*

Jiaxing
1 Juni 1974

Yunzhi mwanangu,

Usishtuke kwa rangi. Wino wa buluu wameuchukua, na karatasi. Miao amechimba kwenye kabati la zamani la walimu akapata chupa hii. Wamefuta mitihani, wamefuta kusahihisha, kwa hiyo wino mwekundu ndicho kitu pekee shuleni ambacho hakuna anayekitaka. Mama yako anisamehe. Nimemweleza.

Barua yako ilisomwa mkutanoni, na kijana mwenye sauti nzuri. Nilisimama mbele na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine niliikariri yote. Nimeinakili hapa na kuisahihisha. Nataka uiandike upya kwa buluu, uipeleke wilayani haraka kabla hawajaanza kuuliza maswali. Barua yenye makosa itakukwamisha, na itakuwa mimi nimeonekana mbaya bure.

Ukurasa wa kwanza. "Hesabu haina tabaka." Hii nzuri sana. Niliisema kweli na nitaisema tena.

"Aliniketisha mezani wakati wenzangu wakiokota vyuma." Ongeza mfano, bila mfano haiaminiki. Andika ile siku niliyokataa wasichukue sufuria yetu kwenda kuyeyushwa. Majirani wataithibitisha.

"Mwaka 1958." Ni 1957. Yunzhi, tarehe.

"Sikulia." Futa. Ulilia mpaka mtaa wa pili wakasikia, ulishika koti langu wakakuvuta mikono. Mtu akihojiwa kuhusu hilo umekwisha. Usiandike kamwe uongo ambao mashahidi wake wako hai.

"Kwa uchungu." Futa. Hapo ndipo ulipojiuza, wataona mara moja. Anayechora mstari haoni uchungu.

Sentensi ya mwisho haina kosa. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta.

Nimekupa tisini. Kumi nimetoa kwa kutonitumia rasimu kwanza. Ulidhani nitakataa? Nilikuambia lolote. Nilidhani umeelewa kwamba nilikuwa nasema hili.

Sasa sikiliza vizuri. Mstari ukichorwa uchorwe. Usiniandikie tena mpaka umalize chuo, wala mimi sitakuandikia. Usiulize habari zangu. Ukisikia naumwa, usije. Kimya chako nitakielewa, nitajua ni utiifu.

Lakini mimi ni mzee na mzee hutaka uhakika. Nitumie jambo moja, mara moja tu, kwa jina la Miao. Jibu la lile swali la saba. Namba tupu kwenye karatasi, bila jina, bila salamu, hata mkaguzi wa barua ataona ni hesabu ya bawabu. Nikiipata nitajua kwamba umeisoma barua hii na kwamba huku na huko tuko sawa. Baada ya hapo naweza kukaa miaka yoyote.

Hii moja usinionyeshe njia. Jibu tu linatosha.

Baba yako

*

Jiaxing, makaburini
5 Aprili 1979, siku ya kusafisha makaburi

Baba,

Nimekuja kwa treni, siku tatu na nusu, na mto wangu mapajani. Niliufumua Harbin siku ilipofika barua ya Mzee Miao, kwa wembe wa mwenzangu wa chumba, na nimeisoma barua yako mara ngapi sijui. Iko humu. Makunjo yameanza kukatika.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, Baba. Miaka miwili sasa. Wanafunzi wangu waliofaulu mtihani mpya wananicheka kidogo, wanatuita sisi "waliopendekezwa", wanasema tuliingia chuo kwa barua. Siwabishii. Nilikuwa wa kwanza katika wilaya na hakuna anayejua ila wewe na wauza mboga wa daraja la pili, na wao watakuwa wamesahau.

Nilikuwa nimelala juu ya barua yako. Nataka ulijue hilo kama lilivyo. Kila siku uliyomuuliza Miao, jibu lake nilikuwa nimelilalia kichwa. Uliniamini kwamba sitaogopa rangi, na mimi niliogopa. Ulidhani mimi ni mtu wa hesabu, na mimi nilikuwa binti wa Mama. Nilidhani umenikata. Ulikuwa unanisahihisha.

Hukukosea njia. Mimi ndiye.

Mzee Miao amenisindikiza, amekaa kule chini kwenye jiwe anajifanya anafunga kiatu. Amenipa ile chupa. Wino ulikuwa umekauka, ameutia maji ya chai, ndiyo maana maandishi haya yamepauka hivi. Watu waliokuja kwa marehemu wao wananitazama nikiandika barua nyekundu juu ya kaburi, na mama mmoja amewavuta watoto wake kando. Waache. Nimekuwekea wali wa majani, kipande kikubwa katikati. Nikimaliza kuandika nitaichoma hapahapa, nikae mpaka iishe.

Ulisema nisionyeshe njia. Naionyesha, nisije nikapewa sifuri.

Mzee, kilomita 40 kwa siku. Msichana, 60. Kila siku wanakaribiana kwa kilomita 100. Kati yao 2,400.

Wanakutana siku ya ishirini na nne. Mzee atakuwa ametembea kilomita mia tisa na sitini. Msichana, elfu moja mia nne na arobaini, na atakuwa amechoka, lakini atafika.

24.

Binti wa Qiu Delin,
Yunzhi